Tarehe ya Kagongwa, Mji wa Mpunga na Mizani

Msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara ya kati, akiisha kuzipita Dodoma, Singida na Nzega, akaiacha pale Tinde njia iendayo Shinyanga na Mwanza, akashika ya magharibi na kuivuka reli ya Isaka, haendi mbali kabla hajaona kandokando ya lami maturubai makubwa yaliyotandazwa juani, na juu yake mpunga uliomwagwa unene wa vidole vitatu, na watu wenye reki wakiugeuza kwa zamu tangu umande unapokauka hadi vivuli vinaporefuka. Hapo ndipo Kagongwa, mji ulio katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Haukujengwa kwa amri ya mtawala wala kwa ramani ya mpima ardhi. Uliota njiani, kama iotavyo mbegu iliyodondoka kutoka katika gunia lililotoboka, na serikali zote zilizoutawala ziliukuta umekwisha kusimama.

Nimekusudia kuiandika tarehe yake kwa kufuata kitu kimoja, nacho ni kipimo cha mavuno. Sababu yangu ni kwamba katika nchi hii, tangu zama za watemi hadi leo, aliyeshika kipimo ndiye aliyekuwa serikali machoni pa mkulima, ikiwa alishika usinga wa utemi, au alivaa kofia ya Bwana Shauri, yule mtawala wa wilaya wa kikoloni, au aliketi nyuma ya meza ya ushirika na kalamu sikioni. Na kila mara kipimo kilipokosa insafu, ndipo watu walipoanza kutafuta serikali nyingine.

Kwanza niiseme ardhi yenyewe. Kagongwa iko juu ya uwanda wa ndani wa Tanzania, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Viktoria upande wa kaskazini na Tabora upande wa kusini. Nchi ni tambarare yenye mawimbi madogo, mito yake ni ya msimu, na mvua zake ni za msimu mmoja, ambazo aghalabu huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo huja miezi ya vumbi, ambapo ng'ombe hutembea mbali kutafuta maji na upepo huokota majani makavu ukayazungusha njiani. Mgeni apitaye kwa basi wakati huo hudhani ameona nchi maskini. Amekosea, maana hakuuona udongo.

Wasukuma walikuwa wanazuoni wa udongo kabla ya chuo chochote cha kilimo kufunguliwa, na kila daraja la mteremko wamelipa jina lake. Juu ni luseni, mchanga mwepesi ufaao karanga, mihogo na viazi, ambako kaya hujengwa kwa kuwa hapatuami maji. Chini yake ni itogolo, mchanga mwembamba uliolala juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa bondeni, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Ule wa katikati, ambao mgeni angeudharau kwa kuwa hauna kina wala rutuba ya kuonekana, ndio uliokuja kuwa hazina, kwa sababu lile tabaka gumu huyazuia maji yasizame, na mkulima akiinua tuta la udongo kuzunguka kipande chake, akafanya kile kiitwacho jaruba, maji ya mvua husimama humo kama katika sinia, na mpunga ukamea bila mfereji, bila bwawa na bila pampu. Kazi ya majaruba ni ya mgongo na ya subira. Tuta likibomoka usiku mmoja wa mvua kubwa, maji ya jirani huja na mche wake na ugomvi wake, na mashauri mengi yaliyowafikia wazee wa nchi hii yalianza kwenye tuta.

Watu wa hapa ni Wasukuma na Wanyamwezi, ndugu wawili ambao hata majina yao ni majina ya pande za dunia kuliko ya damu. Kwani sukuma ni kaskazini, na dakama ni kusini, hata mtu mmoja huweza kuwa Msukuma kwa jirani yake wa kusini na Mdakama kwa jirani yake wa kaskazini. Kagongwa imekaa pale ambapo ndugu hao wawili hukutana, na magharibi yake wako Wasumbwa wa Ushirombo na Bukombe, wasafiri wakubwa wa karne ya 19. Katika jamaa hao wa Usumbwa na Unyamwezi ndimo alimotoka Msiri, ambaye alikwenda Katanga kwa ajili ya tijara ya shaba na pembe, akastakimu huko na kuasisi dola ya Wayeke, akaitawala mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Nalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba malori ya Kongo yanayoegeshwa leo Kagongwa yameleta ugeni. Njia ni ile ile, na waliotangulia kuikanyaga walikuwa wenyeji.

Zama hizo nchi ilikuwa ya watemi wadogo wadogo, kila mmoja na eneo ambalo mtu aliweza kulizunguka kwa siku chache. Wazee hulinasibisha neno mtemi na kutema, yaani kukata pori, kwa sababu aliyetangulia kufyeka ndiye aliyetangulia kutawala. Chini ya mtemi walikuwa wanangwa, kila mwanangwa na kijiji chake, na nafaka ya kodi ikaenda katika ghala la ikulu, si ili mtemi ale peke yake, bali ili mwaka wa njaa watu wawe na mahali pa kukimbilia. Mtemi alidaiwa mvua. Ikikosekana kwa miaka, aliweza kuondolewa. Jembe la chuma nalo lilikuwa kipimo: majembe yaliyofuliwa na Warongo na Wasumbwa, katika nchi ambazo leo ni Geita na Bukombe, yalichukuliwa mabegani hadi soko la Tabora, na kwa majembe watu walinunua mifugo na kulipa mahari. Kwa hiyo chuma na nafaka vilikwisha kupimana katika nchi hii kabla mzungu wa kwanza hajaiona.

Mzungu huyo alikuwa John Hanning Speke, ambaye mwezi Julai 1858 alimwacha mwenziwe Burton anaumwa Kazeh, yaani Tabora, akapita nchi hizi za Msalala akielekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akasimama Mwanza mbele ya ziwa. Baada yake zilikuja siku za bunduki. Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini, walifanya makazi yao upande wa Bukombe na kuteka ng'ombe na watu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyeanza vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, aliinyoosha nguvu yake juu ya njia zote za magharibi hadi kifo chake Desemba 1884. Wakulima wa wakati ule walijenga ngome za miti na minyaa, wakalima karibu na lango. Kisha wakaja Wajerumani, wakamshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, Januari 1893. Na Septemba 1916 Tabora ikatekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, nao wakawaachia Waingereza. Katika mambo haya Kagongwa ilikuwa majani yaliyokanyagwa na miguu ya wapitao, na sioni haja ya kuyarefusha.

Mwingereza alipotulia, aliiweka Kahama katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, hali Shinyanga iliyo jirani aliiweka katika Jimbo la Ziwa. Mpaka ulichorwa juu ya watu wasemao lugha moja na waoleanao. Gavana Donald Cameron akaleta mwaka 1926 sheria ya serikali za wenyeji, na mtemi, ambaye zamani alidaiwa mvua na wananchi, sasa akadaiwa kodi ya kichwa na Bwana Shauri. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana katika vitabu vya sheria. Ghala la mtemi lililokuwa likijaa nafaka ya njaa likageuka sanduku la fedha lenye hesabu na mhasibu, na mtu aliyekosa shilingi za kodi hakuweza tena kuleta kapu la mtama. Ilimbidi auze kitu, na ili auze ilimbidi apimiwe.

Mwaka 1928 reli ya Tabora hadi Mwanza ikakamilika, nayo ikapita Isaka, na katika miaka iliyofuata mazao mawili yakaongezeka: pamba, ambayo serikali iliitaka, na mpunga, ambao wakulima waliutaka. Mbegu za mpunga zilikwisha kufika Unyamwezi zamani pamoja na Waarabu na Waswahili wa pwani. Lakini ilikuwa baada ya reli na maduka ya Wahindi ndipo majaruba yalipotambaa juu ya itogolo, kwa sababu sasa mchele ulipata mnunuzi. Pamba nayo ilileta elimu ya aina yake. Mkulima aliyebeba mzigo wake kichwani kutwa nzima aliufikisha kwa mnunuzi, akaona mkono wa mizani ukicheza na kusimama, asijue kuusoma, akapewa fedha kwa kiasi alichoambiwa. Malalamiko ya mizani ndiyo yaliyozaa siasa katika nchi ya ziwa. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe wapime mzigo kabla haujaingia dukani. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Watu wa Kahama walikuwa nje ya jimbo lile kwa karatasi tu. Habari ya mizani ilivuka mpaka upesi kuliko barua ya serikali.

Uhuru ulipopatikana, utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na katika kuigawa upya mikoa Kahama ikatolewa Tabora ikaunganishwa na Shinyanga. Mwaka 1972 halmashauri zikavunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ambayo kwa nchi ya Wasukuma ilikuwa kama kuhamisha nyuki mzinga mchana. Kaya za Kisukuma zilikuwa zimetawanyika, kila moja ndani ya uzio wake wa minyaa, mifugo yake na shamba lake mlangoni. Amri ikawa wote wakae pamoja katika safu, aghalabu karibu na barabara. Wengi walivunja nyumba kabla ya mpya kuezekwa. Nisemalo hapa ni rai yangu, nayo naisema kwa heshima ya waliotaabika: miji mingi ya leo kando ya barabara za Shinyanga imekua juu ya mastakimu ya mwaka ule, na anayeyasifu maendeleo yake hana budi kuukumbuka na ule msimu wa mvua ambao watoto walilala chini ya maboma yasiyo na paa. Uzio wa minyaa huishi kuliko mwenye kuupanda, na hata sasa mtu akitembea mashambani huweza kukuta duara la minyaa mirefu lisilo na nyumba ndani.

Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukavuka kiasi. Ng'ombe kwa mtu wa hapa ni mahari, ni trekta, ni benki na ni heshima. Kaya iliyoibiwa zizi usiku mmoja iliamka imekuwa ya maskini. Polisi walikuwa wachache na mbali, na kesi zilipofika mahakamani zilipotea kwa kukosa ushahidi. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi hii ya Kahama na mipaka yake na Nzega na Shinyanga, wanavijiji wakajiundia jeshi la ulinzi wao, wakaliita Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi wanaotembea kwa safu na kuuma kwa pamoja. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Wizi ukitokea ilipigwa yowe, nayo ikapokewa na kijiji cha pili, na cha tatu, kila kijiji kikitoa vijana wake kuzifuata nyayo, mpaka ng'ombe wapatikane au nyayo ziishie ziwani. Aliyekaa nyumbani bila udhuru alitozwa faini. Mkubwa wao walimwita mtemi, na katika neno hilo naona jambo la ajabu na la kweli, kwamba cheo kilichofutwa kwa sheria miaka 20 kabla kilirudi kwa hiari ya watu pale walipohitaji mtu wa kudaiwa.

Wizi ulipungua, hilo halina ubishi. Lakini mwandishi wa tarehe hana ruhusa ya kuandika nusu. Sungusungu hao hao waliwapiga na kuwafukuza watu waliotuhumiwa uchawi, na wengi katika hao walikuwa wanawake wazee, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kupikia. Damu ya vikongwe katika mkoa huu ni doa ambalo hakuna mafanikio ya mchele wala dhahabu yatakayolifunika, na hadi leo kuna bibi afungaye mlango kabla ya magharibi. Serikali iliwapokea Sungusungu kwa mikono miwili ya tahadhari, na mwaka 1989 sheria ikawatambua kama sehemu ya mgambo. Tangu hapo mtemi wao anajuana na Mtendaji wa kata, na yowe imeongezewa simu ya mkononi.

Sasa nije katika mji wenyewe kama ulivyo. Kilichoufanya Kagongwa uitwe mji ni mashine za kukoboa mpunga. Mpunga huja kutoka vijiji vya pande zote, kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa punda, kwa pikipiki ya miguu mitatu na kwa lori, na mchele hutoka kwa barabara kwenda kanda ya ziwa, Dar es Salaam, na nchi jirani za Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Mwezi mmoja wa Juni nilikaa kutwa katika uwanja wa mashine mmojawapo, juu ya gunia lililokunjwa, nikitazama. Mkulima alikuja na magunia saba. Fundi wa mashine hakuuliza jina wala bei. Alitia mkono katika gunia la katikati, si la juu, akatoa punje chache, akazisugua baina ya viganja mpaka maganda yakaachia, akapuliza, kisha akaweka punje moja baina ya meno ya mbele na kuivunja. Sauti ya kuvunjika ndiyo hukumu. Punje ikibonyea, mpunga una maji bado na utaharibika ghalani. Ikipasuka vipande vingi, umekauka kupita kiasi na utatoka chenga tupu. Ikikatika vipande viwili safi, umefika. "Rudisha juani, baba, mpaka saa nane," alimwambia kwa adabu, na yule mzee, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, hakubisha, akaanza kumwaga magunia yake juu ya turubai.

Ndani, mashine hunguruma hata watu husemezana kwa ishara. Mpunga huingia juu kwa kopo la chuma, na chini hutoka riziki za watu wanne tofauti. Mchele mzima ni wa mwenye mali na mnunuzi. Chenga huuzwa bei ya chini kwa walaji wasio na uwezo na kwa wapika vitumbua. Pumba laini huchukuliwa na wafugaji wa kuku na nguruwe. Maganda makavu, ambayo zamani yalilundikwa na kuchomwa ovyo, huchukuliwa na wachoma matofali, nayo hufuka siku nyingi ndani ya tanuri bila kuzimika. Pembeni wamo akina mama wenye nyungo, wanaopepeta mabaki ya sakafuni na kuokota punje zilizoruka. Kwao siku njema ni sado moja. Nyuma ya mashine pana ghala, ambamo mkulima mwenye moyo wa kungoja huweka mpunga wake bila kuukoboa mpaka Januari au Februari bei inapopanda, na asiye na uwezo wa kungoja huuza siku ile ile, kwa sababu ada ya mtoto haingoji.

Lakini uwanjani hapa pia ndipo penye dhuluma ya zamani katika nguo mpya. Huko mashambani mnunuzi huja na gunia lake mwenyewe, akalijaza mpaka mdomoni, kisha akaushonea mdomo ule kilemba cha gunia jingine na kukijaza tena, nalo hilo ndilo lumbesa. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, na gunia limebeba moja na nusu. Wengine hununua kwa debe lililogongwa nyundo kwa ndani likapanuka tumbo. Sheria ya vipimo imelikataza jambo hili kitambo, na Wakala wa Vipimo hupita na kuonya. Walakini sheria hukaa mjini na shamba liko mbali. Na ndiyo sababu naisifu mizani ya mashine ya Kagongwa kuliko jengo lolote la mji. Mkulima aliyebeba mali yake mpaka hapa huiona ikipimwa kwa kilo, mbele ya macho yake na ya jirani yake, na tarakimu zikisomwa kwa sauti. Barabara ikiwa mbovu hawezi kufika, naye hubaki mikononi mwa mwenye lumbesa; kwa hiyo kila kilomita ya njia ya shamba itengenezwayo katika kata hizi ni hukumu ya haki iliyotolewa bila hakimu.

Dhahabu nayo ilifanya yake. Kaskazini-magharibi kuna Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walijaa kwa maelfu mpaka walipoondolewa Agosti 1996, kwa namna ambayo maneno yake hayajaisha hata leo. Mgodi mkubwa ukafunguliwa huko mwaka 2001. Karibu zaidi, mlangoni mwa mji wa Kahama, ulikuwapo mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha mwaka 2009 na kusimamisha kazi mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kuwa la uwekezaji wa viwanda. Vijana wa Kagongwa walipata kazi, wakajenga, wakanunua pikipiki; mgodi ulipofungwa wengine walirudi kwenye mpunga, ambao haukuwa umekwenda popote. Barabara hii hii ilipitisha makontena ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, kwenda bandarini, mpaka Machi 2017 Rais John Magufuli alipoyazuia, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaenda kupima sampuli katika makontena 277 yaliyokuwa Dar es Salaam, ili kujua humo mna dhahabu kiasi gani. Migodi iliukana upimaji ule, mjadala ukawa wa mataifa, na mwishowe ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16. Wataalamu waliyaeleza kwa maneno ya kemia na ya kodi, na magazeti yakayajaza kurasa kwa miezi. Mzee wa Kagongwa aliyewahi kuuza pamba hakuhitaji kufasiriwa: aliyejua ni kiasi gani kimo katika mzigo ni mnunuzi peke yake.

Kwa upande wa serikali, Kagongwa leo ni kata. Wilaya ya zamani ya Kahama ilikuwa kubwa mno. Bukombe ilimegwa katika miaka ya 1990 na baadaye ikaingia Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, na sehemu iliyobaki ikagawanywa katika halmashauri tatu, za Ushetu, Msalala na Mji wa Kahama, ambao Kagongwa imo ndani yake. Mwaka 2021 Mji huo ukapandishwa hadhi ukawa Manispaa. Hesabu ya watu ilieleza sababu: sensa ya 2012 ilikuta katika eneo hilo watu 242,208, na ya 2022 ikakuta zaidi ya 453,000. Kata ina Diwani aliyechaguliwa na wananchi, na Mtendaji aliyeajiriwa; chini yao ni mitaa, kila mtaa na mwenyekiti wake, na uchaguzi wa wenyeviti hao ulifanyika mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024. Lipo pia baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 halihukumu tena kesi za ardhi bali husuluhisha tu, na kwa ugomvi wa matuta ya majaruba nadhani hilo lilikuwa ndilo lifaalo tangu mwanzo. Ushuru wa mazao hukusanywa na Manispaa, na siku za mavuno kizuizi cha ushuru ndicho ofisi ya serikali ambayo mkulima huifahamu kuliko zote.

Kwa muda mrefu jambo lililoaibisha mji huu ni maji. Mashine zilikoboa mchele wa mataifa matano, na mama wa nyumba aliamka saa tisa za usiku kwenda kungoja kisima kijichuje. Maji ya Ziwa Viktoria yalivutwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likanyooshwa kuzifikia Kagongwa na Isaka. Maji hayo hupimwa kwa dira, na ankara huja kila mwezi. Watu hunung'unika juu ya ankara, kama ilivyo haki yao, lakini sikumkuta hata mmoja aliyetaka kurudi kisimani. Isaka yenyewe, jirani wa mashariki, ina bandari kavu inayopokea shehena za Rwanda na Burundi karibu kilomita 1,000 kutoka baharini, na mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa kati yake na Mwanza, kilomita 341. Wafanyabiashara wa Kagongwa huizungumza reli hiyo kwa hesabu: gunia moja kwa lori ni kiasi gani, kwa behewa litakuwa kiasi gani.

Jioni ya siku ile niliyoitaja, yule mzee wa magunia saba aliukusanya mpunga wake, fundi akavunja punje nyingine kwa meno na kutikisa kichwa kukubali, na mashine ikala yote katika muda mfupi kuliko nilivyodhani. Mchele ukatiwa katika viroba, viroba vikapandishwa kimoja kimoja juu ya mizani. Karani akasoma, mjukuu wa mzee, binti wa darasa la sita, akaandika katika daftari lake la shule, na karani alipofika kiroba cha nne akasoma haraka, binti akamwambia, "Shikamoo, kaka, naomba urudie hicho." Karani akakishusha kiroba, akangoja tarakimu zirudi sifuri, akakipandisha tena.